Kiti Kimoja Fizi

Tangu nirudi mnakuja mmoja mmoja, mnakaa kwenye mkeka wangu, mnakula ndagala zangu za ziwani, halafu mnauliza lile lile: ilikuwaje? Mama amekwisha kuwaambia ilikuwaje. Lakini mama anasimulia kwa kifupi na ninyi mnapenda habari ndefu, basi nimeiandika yote. Nimeiandika nisije nikairudia mara ishirini, na pia ili nikifika pale pagumu nisiwe natazamwa usoni.

Kazi yangu mnaijua, ingawa wengine wenu mnaiita mchezo. Nilitoka seminari bila kuwa padri, nikabaki na piano niliyofundishwa kwa miaka minane, na tangu hapo naitwa huku na huku kuwapigia wazungu muziki wa wazungu wenzao waliokufa zamani. Nimepiga Astrida, nimepiga Kampala, nimefika hata Ndola. Hapa Baraka mlinipa jina la Padri Nusu. Mama alikuwa anawajibu sokoni, mwaka nenda mwaka rudi, kwamba mwanawe si nusu ya kitu, anawapigia watu ng'ambo ya ziwa nao wanamsikiliza. Aliyasema hayo bila kunisikia nikipiga hata siku moja.

Kwa hiyo nilipoambiwa kuwa safari hii ya karibuni itaishia Fizi, hapo juu tu, nilimwekea sharti moja yule Mbelgiji anayepanga safari zangu. Mama yangu apewe kiti ndani ya chumba nitakachopigia. Kiti kimoja. Akasema hakuna tabu, tutalitengeneza kesho. Mimi humwita Bwana Kesho, na jina hilo hakulipata bure.

Baraka hadi Usumbura

Kutoka hapa hadi Uvira lori lilichukua siku mbili. Barabara haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la dereva, ambaye ana mke Nundu na mke mwingine Makobola, na hapiti mlango wa yeyote bila kula. Nundu tulipewa sombe ya majani ya mihogo iliyopikwa kwa mawese hadi ikalainika kabisa. Makobola tulipewa maharage magumu na maneno makali, na abiria wote tukajua hapo hapo ni mke gani aliyepata habari za mwenzake. Dereva alikula kote kwa hamu ile ile. Nilimdharau sana, na nikamaliza sahani yangu.

Usumbura wana piano nzuri, siwezi kuwanyima hilo. Walikuja wamevaa, wakaketi, wakanyamaza kimya kama ilivyo desturi yao, na nilipomaliza wakapiga makofi. Kisha wakaja kunitazama. Hawakuja kusema habari za muziki, walikuja kutazama vidole. Mama mmoja aliushika mkono wangu akaugeuza, akautazama kiganjani, akamwonyesha mumewe. Daktari mmoja, mtu mwenye mvi na miwani, aliinama akachungulia chini ya piano. Nadhani alitafuta mashine. Aliponyanyuka hakuona haya, alinipigapiga begani tu na kusema kwamba ni ajabu.

"Kile kiti cha Fizi," nilimwambia Bwana Kesho tulipokuwa tunaondoka.

"Kesho nitaandika barua," akasema.

Juu ya meli

Meli ilipaswa kuondoka asubuhi. Iliondoka kesho yake saa tisa, kwa sababu walipakia pamba, wakaishusha, wakapakia simenti, kisha wakaipakia pamba upya juu yake. Bwana Kesho alikuwa na chumba chenye kitanda na feni. Mpiga piano, ambaye mikono yake yatazamwa kama mikono ya mtakatifu, alilala sitahani kati ya magunia.

Hapo kwenye magunia nilikaa na mama mmoja wa Ujiji, mtu mzima, aliyekuwa anarudi kwao kutoka kumwona binti yake. Alinigawia mihogo ya kuchoma na samaki aina ya mgebuka, akaniuliza kazi yangu. Nikamweleza.

"Na wenzio wako wapi?" akauliza.

"Wenzangu gani?"

"Wanaokuitikia, mwanangu."

"Sina. Napiga peke yangu, watu wananyamaza hadi nimalize."

Akaniongezea kipande cha samaki. "Pole," akasema.

Nilicheka. Mtu ambaye hajawahi kuona piano ananipa pole. Nilimwona mshamba, sifichi.

Kigoma

Kigoma nilipelekwa nyumbani kwa Mwingereza mmoja mwenye bustani ya mawaridi yaliyokufa kwa jua. Bwana Kesho alikuwa bado bandarini anatafuta sanduku lake. Mke wa Mwingereza alipofungua mlango na kuniona, alifurahi sana. Akanipeleka moja kwa moja hadi kwenye piano, akafungua kifuniko, akanionyesha vibao vitatu visivyonyanyuka na kunikabidhi bisibisi. Alidhani fundi amekuja.

Ningeweza kusema kitu. Lakini nilikijaribu kibao kimoja nikasikia kilivyolia, na nikajua kwamba nisipoitengeneza mimi nitaipiga hivyo hivyo jioni. Nikavua koti, nikafungua ubao wa mbele. Mchwa walikuwa wamefanya kazi ndani kwa bidii kuliko mtu yeyote wa nyumba ile. Kwa saa tatu nilisafisha, nikakaza, nikafunga. Mpishi aliniletea chai na mkate jikoni, na yule mama akaniaga kwa mkono kutoka mbali.

Saa kumi na moja nilirudi nimevaa koti langu jeusi, nikaketi kupiga. Yule mama alisimama kunizuia, mumewe akamvuta chini kwa mkono. Nikapiga. Walipiga makofi kwa ncha za vidole, kama mtu anayekung'uta unga. Baadaye yule mama aliniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni kwamba kumbe fundi pia unajua kupiga, vizuri sana. Hakuomba radhi, kwa sababu alivyoona yeye hakuna aliyekosewa.

Albertville

Albertville ilikuwa hoteli, na ya hoteli mnayajua. Watu walikuwa wanakula. Nilipiga sehemu ya polepole, ile ninayoipenda kuliko zote, huku mtu mmoja nyuma yangu akinyonya mifupa ya kuku. Katikati ya mapumziko alikuja mkulima mmoja wa pamba, mnene, mwekundu, akatoa kitambaa cha meza akakitandaza juu ya vibao vyote. Alikuwa amewaambia wenzake kwamba mtu mweusi hupiga kwa kukariri rangi, nyeupe na nyeusi, na asipoziona atapotea.

Hapo ningesimama nikaenda zangu. Nilipiga juu ya kitambaa. Nilipiga bila kukosa hata kibao kimoja, wakashangilia, wakaniletea bia kupitia mlango wa nyuma. Wakati ule nilijiona nimeshinda. Niliwadharau wote waliokuwemo ukumbini mle, na haikunijia akilini kwamba humo alikuwemo hata aliyepiga juu ya kitambaa.

Nilimuuliza tena Bwana Kesho habari za kiti. Safari hii alitoa daftari lake akaandika mbele yangu: Fizi, kiti, mama. Niliyaona maneno hayo kwa macho yangu, nikalala vizuri.

Siku mbili nyumbani

Mashua ya mizigo ilinishusha hapa Baraka siku mbili kabla ya Fizi. Mlikuja wote. Na hapa, kwenye mkeka huu huu, mbele yenu, niliapa. Nilisema: hakuna kiti, hakuna piano. Nilisema kwamba nikikuta mama yangu hakupewa nafasi ndani, nitafunga kifuniko, nitamshika mkono nishuke naye, na wazungu waitane wakaimbiane wenyewe. Mliitikia kwa nguvu hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Ulimi huo, jamani.

Mama alikuwa na shughuli zake. Aliazima viatu kwa mke wa shemasi, akavijaribu ndani ya nyumba akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Alikaanga samaki aina ya mikeke, akaifunga kwenye majani pamoja na mihogo ya kuchemsha, kwa kuwa hakuamini kwamba watu wale wangenipa chakula cha kushibisha. Alipomaliza akaketi karibu yangu.

"Sasa unieleze," akasema. "Weye ukipiga, bazungu banaitika namna gani?"

"Hawaitiki, mama. Wananyamaza."

"Bote?"

"Wote. Ndiyo heshima yao. Mwishoni wanapiga makofi."

Mnajua kwetu ilivyo. Mtu akianza wimbo, shambani, kwenye mtumbwi, harusini, hata kanisani kinanda kinapoanza, wapo wanaomjibu "Tuko". Akipumzika kuvuta pumzi, wanasema "Tuko", ili ajue hakuachwa. Anayeimba bila kujibiwa ni yule ambaye watu wamemkataa, na hukaa chini kwa aibu bila kuambiwa. Mama ni mwitikiaji tangu usichana wake, na hakuna kilimo wala harusi upande huu ambako hakuitwa kwa ajili ya sauti ile.

"Na weye ulibakosea nini?" akauliza.

Nikacheka, nikamwambia hayo ni mambo ya watu waliosoma, asihangaike, aketi tu asikilize. Akasema sawa. Sikumweleza zaidi ya hapo. Mtu anayejua mengi huwa mvivu wa kueleza, anaona kila asiyejua ni mzigo.

Kupanda Fizi

Tuliondoka alfajiri na lori la mfanyabiashara wa chumvi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na kwenye kona ya tatu tope likatumeza hadi ekseli. Wanaume tulishuka tukasukuma. Mimi nilisukuma kwa mgongo, mikono nimeificha kwapani, na mtu mmoja kutoka Bibokoboko, aliyekuwa amepeleka siagi kuuza, akaniuliza kama nina ukoma. Nikamwambia mimi ni mpiga piano. Akasema pole, akasukuma sehemu yangu pia.

Tukiwa hapo, likapita gari la Bwana Kesho. Lilikuwa na nafasi mbili nyuma, zimekaliwa na sanduku lake na kofia zake. Alisimama, akatoa kichwa dirishani.

"Tutaonana juu," akasema. "Msichelewe."

Mama alimpungia mkono. Alikuwa amesimama pembeni ya barabara, matope hadi magotini, viatu vya mke wa shemasi amevikumbatia kifuani vikavu kabisa. Tulipofika kijito cha karibu na Fizi alimwomba dereva asimame, akanawa miguu, akaikausha kwa ncha ya kitenge, ndipo akavaa viatu. Aliteremka Fizi kama mtu aliyefika kwa gari dogo.

Kwenye nyumba yenye piano

Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kizungu, kubwa, ina baraza pande zote. Saa kumi alasiri walikuwa wamekwisha kukaa, watu kama kumi na wanane. Bwana Kesho alitupokea ngazini, akamwonyesha mama kiti. Kilikuwepo, siwezi kusema hakikuwepo. Kilikuwa barazani, nje, karibu na dirisha, na mbwa wa nyumba amelala chini yake.

"Tulisema ndani," nikamwambia.

"Ndani viti vimejaa."

Nilichungulia. Mstari wa mbele, karibu kabisa na piano, palikuwa na kiti kimoja ambacho hakikukaliwa na mtu. Kilikaliwa na kofia ya mama mwenye nyumba, kofia ya majani yenye utepe wa kijani. Nilikionyesha. Bwana Kesho alikitazama, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini kwamba tusiharibu siku, kesho atazungumza nao, na kwamba jina langu limekwisha kutajwa Ubelgiji.

Mama aliniwekea mkono mgongoni. "Hapa iko muzuri, mutoto yangu," akasema. "Upepo inapita. Nitakuona kwa dirisha."

Akaketi. Akamsogeza mbwa kwa mguu, akaweka kifurushi chake mapajani, akanitazama kwa macho ya mtu aliyengoja miaka kumi.

Ninyi mlioitikia kiapo changu, someni hapa polepole. Niliingia ndani. Nilipita mbele ya ile kofia, nikaketi, nikapiga.

Kipande cha kwanza kilikwenda bila tatizo. Cha pili kilikuwa kile cha polepole. Katikati yake pana mahali ambapo aliyekitunga amesimamisha kila kitu, mikono inabaki juu ya vibao bila kugusa, na chumba kizima kinangoja. Huko Usumbura huwa hawapumui mahali hapo. Mama alingoja kidogo. Aliwaona watu kumi na wanane wakiwa na midomo imefungwa, na mwanawe amesimama katikati ya wimbo hana mtu.

"Tuko!" akasema kutoka dirishani, kwa ile sauti yake ya shambani. "Piga, mutoto yangu, tuko!"

Vichwa vyote viligeuka. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka. Nami niliona haya, na nawaambia ukweli, sikuwaonea haya wao. Nilimwonea haya mama kwa sauti yake ile. Nikaendelea kupiga haraka, ili nizibe pale palipokuwa kimya.

Alidhani nimemsikia. Basi kila nilipofika penye pumzi akaitika, taratibu sasa, mahali pake hasa, na alipatia, kwa maana sauti yake ilikaa ndani ya muziki ule bila kuuvunja. Mimi peke yangu mle ndani nilijua kwamba amepatia. Mama mwenye nyumba akamfanyia ishara mpishi wake, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe. Mzee akatoka. Sehemu ile hupigwa kwa sauti ya chini, nilisikia kila neno.

"Mama, banaomba unyamaze."

"Banamuacha peke yake, hauone?"

"Ni desturi yao, mama."

"Desturi gani ya kuacha mutoto ya batu peke yake?"

"Tukae huko nyuma, mama, kwa jiko. Tafazali."

Nilimwona akinyanyuka. Hakugombana. Alikiinua kiti, akakisogeza ukutani alikodhani ndiko kilikotolewa, kwa sababu mgeni haachi kitu cha watu ovyo, akachukua kifurushi chake akamfuata mzee. Na mikono yangu ilikuwa kwenye piano. Kuinua mikono si kazi, hata mtoto mchanga anaweza. Sikuiinua. Nilimaliza kile kipande, nikapiga kingine, na viwili zaidi. Mnapaswa kujua hili pia: sijawahi kupiga vizuri hivyo maishani mwangu. Walisimama wote kunishangilia, na mama mwenye nyumba akaichukua kofia yake kitini ili anipishe nipite.

Kurudi

Lori liliteremka kabla ya jua kuzama. Mama alivua viatu, akavifunga kwenye kitambaa, akafungua yale majani. Tulikula mikeke na mihogo juu ya magunia matupu ya chumvi. Nilingoja aseme.

"Umepiga muzuri," akasema baadaye. "Balikuacha peke yako lakini ulipiga muzuri. Haukukaa chini."

Nilitaka kumwambia kwamba nilimsikia tangu neno lake la kwanza. Nilitaka kumwambia kwamba alipatia. Nilimwomba mhogo mwingine, akanipa mkubwa.

Asubuhi yake nilikuwa bado nimelala aliposhuka sokoni. Mengine mnayajua kunizidi, kwa maana ninyi mlikuwepo na mimi sikuwepo. Aliwaambia kwamba alipewa kiti cha mbele kabisa, kando ya piano. Aliwaambia kwamba nilipopumzika tu, wazungu wote wakaitika "Tuko" hadi nyumba ikatikisika. Na jina lile la Padri Nusu sijalisikia tena tangu siku hiyo. Mnaniamkia kwa heshima, mmeniletea hata jogoo.

Jogoo bado yuko, nimemfunga nyuma ya nyumba, njooni mumchukue. Miezi miwili hii nimewacheka wazungu wa miji minne, na hakuna hata mmoja wao aliyetenda nililotenda mimi. Kiti cha mbele kilikaliwa na kofia. Aliyesema "Tuko" alikuwa mmoja tu, nje, dirishani, na alipotolewa mimi sikumwitikia.